Jericoacoara: kijiji kilicho kwenye njia ya mchanga

Anayetoka Malindi akaielekea magharibi, akaivuka Afrika nzima na bahari ya Atlantiki bila kuiacha sana latitudo yake, atafika Jericoacoara, kijiji cha pwani katika jimbo la Ceará, kaskazini-mashariki mwa Brazili, kiasi cha kilomita 300 magharibi ya Fortaleza. Kazi yangu ni kuchunguza mienendo ya mchanga wa pwani, na ndiyo iliyonipeleka huko.

Upepo wa hapo ni ndugu wa kusi letu: huanzia katika pepo zilezile za kusini-mashariki, ila pale huvuma kutoka upande wa mashariki karibu mwaka mzima, ukapamba moto kati ya Agosti na Novemba. Kijiji kiko kwenye rasi iliyojitokeza baharini. Mawimbi huleta mchanga kwenye fukwe za mashariki, upande wa Preá, kijiji cha jirani. Jua likishaukausha, upepo huusukuma nchi kavu mpaka ukawa vilima vyenye umbo la mwezi mwandamo, ncha zake mbili zikielekea kule upepo uendako. Kila chembe hupanda mgongo ulioinama taratibu, ikifika kileleni huporomoka upande wa pili, wenye mteremko mkali wa nyuzi 30 na ushei, na kwa kupanda na kuporomoka huko kilima kizima huhama. Baada ya kuivuka rasi, mchanga hutumbukia tena baharini upande wa magharibi na kwenda kulisha fukwe za mbele.

Kilima mashuhuri kuliko vyote, Duna do Pôr do Sol, yaani kilima cha machweo, kilikuwa kwenye hatua ya mwisho ya safari hiyo. Wageni walizoea kukipanda jioni kwa sababu ufuo wa hapo unaelekea magharibi, na jua huonekana likizama majini, jambo adimu katika nchi ambayo sehemu kubwa ya pwani yake inatazama mashariki. Kimepungua sana, na wengi huzilaumu nyayo za watalii. Nyayo zinachangia, lakini mimi naona zinabebeshwa lawama kupita kiasi: mchanga unaoangukia baharini ni mwingi kuliko ule mpya unaofika kutoka nyuma, na kilima kisicholishwa hakina budi kwisha.

Eneo hili lilianza kuhifadhiwa mwaka 1984 na likawa hifadhi ya taifa mwaka 2002. Barabara za kijiji zimebaki mchanga mtupu, na umeme, uliofika mwishoni mwa miaka ya 1990, ulipitishwa ardhini bila kuwekwa taa za barabarani, kwa hiyo mgeni hana budi kubeba tochi. Magari ya wageni huachwa nje ya kijiji. Kutoka Jijoca, mji wa karibu, watu hupanda jardineira, malori yaliyo wazi ubavuni yenye mabenchi nyuma. Nilikaa ukingoni na kamera mapajani bila kuifunika, na lenzi yake inakwaruza hadi leo.

Kuhusu majira ya kwenda, ushauri wangu ni Juni au Julai. Mvua hunyesha zaidi kati ya Februari na Mei, ndizo zinazojaza maziwa ya maji baridi yaliyo katikati ya mchanga, likiwemo Lagoa do Paraíso, ambako machela hufungwa ndani ya maji yenyewe. Kadiri mwaka unavyosonga maji hupungua na upepo huongezeka, na kuanzia Agosti Preá huwa mali ya wanaoteleza majini kwa kuvutwa na tiara, kama ilivyo Paje kule Unguja. Anayetaka kukaa ufukweni kwa utulivu atapigwa na mchanga miguuni kutwa nzima.

Miezi hiyo ya katikati ya mwaka ina faida nyingine: jua linalotua huonekana kupitia tundu la Pedra Furada, upinde wa mwamba uliochongwa na mawimbi. Njia ya ufukweni hupitika maji yakipwa tu, basi uliza kwanza saa za kujaa na kupwa, hasa siku za bamvua, na uwe na njia ya kurudi kwa juu, kupitia kilima cha Serrote, kwani jua likishazama maji huenda yameshaanza kujaa.