Ngumi Isiyofika: Karate ya Asili Tunavyoifundisha Lamu

Mzazi akiniletea mtoto, huniuliza kwanza ataanza kupigana lini, kisha mkanda mweusi atauvaa baada ya muda gani. Wengine huulizia kuvunja matofali. Matofali sifundishi. Kupigana kutakuja, na mkanda utakuja kwa wakati wake. Ninachoanza nacho, na ninachokishikilia miaka yote mwanafunzi akiwa kwangu, ni kuizuia ngumi yake mwenyewe.

Zoezi lenyewe liko hivi. Wawili wanasimama wakitazamana, salamu imeshatolewa. Mmoja anatangaza atakapopiga: usoni. Anapiga hatua mbele, anaingia kwa kasi yake yote, na ngumi inasimama upana wa kidole kabla ya kufika kwenye ngozi ya mwenzake. Mwanafunzi mchanga huidanganya kazi hii. Anaanza kupunguza mwendo katikati ya njia, bega limepanda juu, pumzi ameibana. Hiyo si kuzuia, ni woga wa kumwumiza mwenzake, nao unaeleweka. Aliyeiva hapunguzi chochote. Mguu wa mbele unatua, nyonga inazunguka, kisigino cha nyuma kimeshika chini, pumzi inatoka, na mwili mzima unakaza kwa mpigo mmoja kisha unalegea. Mkono unasimama kwa sababu mwili wote umesimama. Ukitaka afike, umsogeze mbele hatua ndogo tu. Nguvu ni ileile. Asiyeweza kuusimamisha mkono wake hajui mkono wake uko wapi.

Ila mimi humtazama zaidi yule anayepigiwa. Kazi yake ni kutofumba macho. Asirudi nyuma mapema, asiinamishe kichwa, asikasirike. Angoje mpaka ngumi imeshatoka kweli, ndipo akinge. Mtoto akilizoea hilo, utaliona hata nje ya dojo, yaani ukumbi wa mazoezi: akitukanwa uwanjani hachomoki kama cheche. Anamtazama mtu, anampima umbali wake, anaamua. Ile nafasi ndogo kati ya kuchokozwa na kujibu ndiyo faida kubwa ya karate kwa maisha ya kila siku, na haipatikani kwa mawaidha. Inapatikana kwa kupigiwa ngumi usoni mara nyingi na watu unaowaamini.

Malezi haya yana asili yake. Karate ilikulia Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani ya leo vilivyokuwa vya ufalme wa Ryukyu, watu wa majahazi na biashara na Uchina, kama sisi tulivyokuwa watu wa pepo za kaskazi na kusi. Kutoka pwani ya Fujian walichukua mbinu, wakazichanganya na za kwao. Kwa muda mrefu ilifundishwa faraghani, mwalimu na wanafunzi wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 mwalimu wa karate Anko Itosu aliiingiza katika shule za Okinawa, na hapo ikabidi ifae watoto. Mwanafunzi wake, Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule aliyezaliwa 1868, aliionyesha Tokyo mwaka 1922. Funakoshi aliacha maelekezo ishirini. La kwanza linataka karate ianze na iishe kwa heshima, na la pili linakataza kuanza kupiga. Alikuwa mwalimu wa watoto, akijua anampa nani silaha.

Kuhusu salamu, kina mama wa hapa huniuliza kwa haki kabisa: mtoto anamwinamia nani? Kwangu hakuna kupiga magoti wala kuinamia picha ya mtu. Mwanafunzi anaweka mkono kifuani, anainamisha kichwa kidogo, macho yakiwa kwa mwenzake. Ni adabu kati ya mtu na mtu. Wazee waliocheza kirumbizi hawahitaji kuelezwa hili. Wamewaona wanaume wawili wakiingia uwanjani na bakora, zumari inalia, fimbo zinapishana kwa nguvu, na anayeshindwa kujizuia anaonekana ameharibu mchezo.

Sasa kata, yaani mfululizo wa miendo iliyopangwa ambao mtu huufanya peke yake. Vijana wengi huzichoka, wakaniambia ni ngoma tu. Huwapeleka kwenye Tekki, kata ambayo mtu huenda kwa ubavu tu, kulia na kushoto, kwenye mstari mmoja, miguu imetanuliwa, magoti yamekunjwa na kusukumwa nje, uzito sawa kwa sawa. Funakoshi anasimuliwa kuwa alitumia miaka kumi kwenye Tekki tatu peke yake. Kwenye ukumbi mpana inaonekana haina maana. Ifanye kwenye kichochoro cha Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, ukuta mgongoni na ukuta mbele, mahali ambapo punda mwenye mzigo akipita wewe unajibana mlangoni. Hapo teke la juu halina nafasi ya kuzunguka. Kilichobaki ni kiwiko, ngumi fupi, mkono unaovuta na mwili usioyumba. Na mkao uleule kijana mmoja wa Langoni anautumia kazini: anashusha mizigo kutoka mashuani, na wimbi likiinua chombo magoti yake yanalipokea, mgongo haujipindi.

Kwa wasichana naanza na mwendo wa nne wa Heian Shodan, kata ya kwanza kabisa. Umeshikwa kifundo cha mkono wa kulia. Wengi huvuta moja kwa moja kuelekea nyuma, wakashindana nguvu na vidole vinne. Kata inafundisha vingine: rudisha mguu wa kulia, uzito urudi nao, na mkono utoke kwa kupinda kuelekea pale kidole gumba kinapokutana na vidole vingine, maana hapo mshiko ni dhaifu. Mkono ukishatoka unapanda juu na kushuka kama nyundo. Nawaambia nyundo hiyo si lazima. Mkono umetoka, ondoka, piga kelele, nenda penye watu.

Makiwara, ubao wa kufanyia mazoezi ya ngumi, tumejitengenezea: mnene chini na mwembamba juu ili upinde, umefungwa kamba ya usumba. Haupo kwa ajili ya kuotesha sugu. Ukigonga kwa vifundo vya kidole cha shahada na cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka, ubao unarudi taratibu na unausikia kwenye kisigino. Kikipinda kidogo tu, utajua palepale. Watoto siwaruhusu, mifupa yao bado inakua.

Mashindano siyapingi. Karate ilifika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021, ikaachwa nje ya ile ya Paris 2024, na vijana wetu waliumia moyo. Lakini anayefanyia mazoezi pointi tu huzoea kugusa na kuruka nyuma akimtazama refa, na mazoea hayo mtaani yana hatari.

Na nitasema wazi: mtu akiwa na kisu, karate yako ni kukimbia. Mpe simu. Mwalimu anayemwahidi mtoto wako kwamba atamnyang'anya mtu kisu, mkimbie na yeye pia. Ukitafuta dojo, Lamu au kwingine, nenda ukae pembeni bila kujitambulisha, mwangalie mwalimu akifanya mazoezi na mwanafunzi mdogo kuliko wote. Angalia ngumi yake inasimama wapi. Kisha waangalie wakubwa wakiwa na wadogo, mwalimu akiwa amegeuka upande mwingine.