Kumtunza Mzee Aliyelala Kitandani Asipate Vidonda

Makazi ya wazee ya serikali, kama Nunge kule Kigamboni au Kolandoto mkoani Shinyanga, yaliwekwa kwa ajili ya wazee wasio na wa kuwatunza. Mzee aliyepooza kwa kiharusi, akisharuhusiwa wodini, kwa kawaida hurudi nyumbani, na muuguzi wake anakuwa binti, mkwe au mjukuu. Wengi hukabidhiwa dawa na tarehe ya kliniki tu. Msiondoke hivyo. Mwombeni muuguzi wa wodini awaonyeshe kumgeuza mgonjwa, kisha mfanye wenyewe mbele yake.

Mfupa ukikandamiza ngozi juu ya godoro kwa muda mrefu, damu haipiti, na nyama huweza kuanza kufa kwa ndani kabla ngozi haijachanika. Kagueni kila siku kifandugu, nyonga, visigino, vifundo vya miguu na kisogo. Mara nyingi tunaambiwa tutafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Pitisha mkono: pakiwa pa moto, pagumu au palaini kuliko pembeni, au pameiva weusi usiobadilika ukipabonyeza, asipalalie tena mpaka parudi hali yake. Msipasugue, hata kwa mafuta.

Mgeuzeni kila baada ya saa 2 hivi: kulia, chali, kushoto. Akilala ubavu, mto uwe mgongoni ili aegemee nusu, asikandamize nyonga. Mto mwingine uwekwe chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro. Kumsogeza, shikeni shuka watu wawili mumnyanyue. Kumburuta kunachuna ngozi. Ule mpira wa duara wa kukalia achaneni nao, maana unabana damu pembezoni.

Usiku ndipo ratiba huvunjika. Gaweni zamu, na wanaume wamo; sioni kwa nini binti mmoja akeshe peke yake mwaka mzima.

Nepi ikilowa ibadilishwe, aoshwe na kukaushwa taratibu. Ale mayai, dagaa, maharage. Alishwe akiwa amekaa, na abaki hivyo nusu saa, kwani baada ya kiharusi chakula hupalia kirahisi.

Kidonda kikianza, msimwagie spiriti wala unga wa vidonge. Kikinuka, kikitoa usaha au kikiwa cheusi, au mzee akipata homa au kuchanganyikiwa ghafla, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, na njiani asilalie upande wenye kidonda.