Kodi ya Nyumba Yako Inamlipa Nani Kule Austin?

Ninyi mlionunua nyumba Houston, Dallas ama Fort Worth mnajua ile bili ya kodi ya nyumba, yani ya kumiliki sio ya kupanga, inavyouma, sasa kwenye taasisi yetu tunaulizwa sana hiyo hela inaenda wapi na kuna kipande kimoja watu wengi hawakijui: sehemu yake inalipa malobisti, yani watu wanaokodiwa kwenda kuwashawishi wabunge pale Austin, mji mkuu wa Texas. Wanaowakodi ni miji, kaunti na wilaya za shule. Serikali ndogo inamlipa mtu akaibembeleze serikali kubwa, na anayetoa hela ni wewe.

Chukua mwaka 2019. Bunge la Texas lilileta muswada kwamba mji au kaunti ikitaka kuongeza makusanyo ya kodi kwa zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwaka basi ikawaombe wapiga kura kwanza, zamani kiwango kilikuwa 8. Miji ikapinga, na vyama vyao vinavyokula ada inayotoka kwenye kodi vikapinga pia. Sheria ilipita, ila mwenye nyumba alikuwa anatafuta nafuu huku hela yake inamlipa anayeizuia, na hapo mimi nasema wazi, sio haki.

Mwaka huohuo Seneti ya Texas ilipitisha muswada wa kupiga marufuku malobisti wanaolipwa kwa hela za umma, ukafia kwenye ile nyumba nyingine ya bunge, Baraza la Wawakilishi. Mimi marufuku ya jumla siiungi mkono. Texas ina kaunti 254, ile ya Loving ilihesabiwa watu 64 tu mwaka 2020, na bunge linakutana siku 140 kila baada ya miaka miwili likiwa na maelfu ya miswada, nani huko kijijini atayasoma yote hayo? Makampuni ya mafuta yana watu wao pale mlangoni kila siku. Kaunti ikitafuta mtu wa kuombea barabara au hospitali namwelewa kabisa, ila akitumwa kutetea nguvu ya kututoza zaidi, hapana.

Kwa hiyo ulizeni. Tangu 2019 sheria inataka bajeti inayopendekezwa ioneshe hela ya kushawishi bunge kwenye mstari wake peke yake. Utafuteni huo mstari, muulize kakodiwa nani, kwa shilingapi, na ametumwa kupinga muswada gani. Miji mingi mwaka wake wa fedha unaanza Oktoba 1, vikao vya bajeti ni Agosti na Septemba, na mwananchi anaruhusiwa kusimama akaongea.