FPV ni mtazamo, na rubani yupo

Jumamosi iliyopita, katika harusi moja mjini Moshi, mshereheshaji aliwaomba wageni wainue macho na kuipungia mkono "FPV, ndege isiyo na rubani". Juu ya meza ya keki ilikuwa imetulia droni ya kawaida ya kupigia picha, ikijishikilia mahali pake kwa msaada wa setilaiti. Katika sentensi moja alikuwa amekosea mara mbili, na kosa la pili, hilo la "isiyo na rubani", ndilo linaloniudhi zaidi, kwa kuwa limekwisha kuzoeleka hata katika taarifa za habari.

FPV ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mtazamo wa nafsi ya kwanza. Kamera ndogo iliyofungwa mbele ya droni hurusha picha kwa redio, mara nyingi katika masafa ya gigahezi 5.8, hadi kwenye miwani aliyoivaa mrushaji, naye huiongoza kwa kile anachokiona humo. Si aina ya droni wala jina la kampuni.

Neno "nafsi" hapa ni lile lile la darasa la sarufi. Anayeitazama droni kwa mbali husema "imepinda kushoto", na ikimgeukia, kushoto kwake huwa kulia kwa droni, akachanganyikiwa. Aliyevaa miwani hana tatizo hilo. Kijana mmoja ninayefanya naye mazoezi ya mbio za droni hapa Arusha huvaa miwani akaketi kwenye kiti cha plastiki, na kila anapopita kwenye geti, yaani lango la kupitishia droni, huinamisha kichwa kana kwamba litamgonga. Siku droni yake ilipovaa nguzo na kuvunja mapanga mawili, alipiga kelele, "Nimeanguka!", ilhali kiti hakikusogea hata inchi moja. Katika kiambishi hicho "ni-" imo maana nzima ya FPV.

Sasa, mtu anayesema "nimeanguka" tutamwitaje, kama si rubani? Neno hili tulilipata kwa Waarabu, nalo lilikuwa la baharini kabla ya kupanda angani. Nahodha ndiye aliyekuwa na amri juu ya chombo. Rubani alikuwa mjuzi wa miamba, mafungu na mikondo, aliyekiongoza chombo kikaingia bandarini salama. Hadi leo meli kubwa hupokewa na rubani wa bandari. Kilichompa jina ni kuongoza, wala si kiti alichokalia. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 kuhusu droni nazo zinazitaja kuwa ni vyombo vya kurushwa na rubani aliye mbali, na kuwa mbali si kutokuwapo.

Tena, katika mashindano ya mbio za droni za FPV rubani ana kazi kuliko mahali pengine popote. Droni ya harusini ukiachia vijiti vya rimoti husimama angani ikikungoja. Ya mashindano hurushwa bila msaada huo: ukiachia kijiti cha kuinamisha, hubaki imeinama vile vile na kuendelea kwenda, na mwendo wake huweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Rubani wake akipiga chafya mbili tu, ataiokota vipande.

Ndiyo maana anayeanza hashauriwi kununua droni kwanza. Anunue rimoti, aiunganishe na kompyuta yenye programu ya kuigiza urushaji, aangukie humo kwa saa nyingi bila gharama, kisha atafute droni ndogo ya kurushia ndani ya nyumba. Ile kubwa ya mapanga ya inchi tano, ambayo betri yake huisha kwa dakika chache, isubiri kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na mtu wa kusimama kando yake akiangalia anga, kwa sababu mwenye miwani haoni kitu kinachomjia kutoka nyuma. Arusha ina uwanja wa ndege Kisongo, na ndege za watalii hazitanii.

Mshereheshaji nilimfuata baada ya keki, nikamweleza kwa upole kwamba "droni ya picha" ingetosha, na kwamba angeweza kumtambulisha kwa wageni rubani wake, aliyekuwa amesimama nyuma ya spika tangu saa nane mchana na hakuna aliyempelekea hata soda.