Kwa nini asidi humiminwa kwenye maji, na si maji kwenye asidi?

Masharti ya maabara ya shule, yale yanayobandikwa kwenye karatasi ukutani, yanafanana karibu kila mahali. Usile humu ndani. Usionje kitu. Vaa koti na miwani ya kinga. Funga nywele. Mengi ya hayo hayahitaji maelezo, mtoto wa kidato cha kwanza anayaelewa siku ya kwanza. Lakini lipo moja ambalo wengi hulikariri kama mila tu: unapozimua asidi kali, mimina asidi kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye asidi.

Nilipokuwa kidato cha tatu swali hilo lilikuja kwenye mtihani wa muhula. Nikaandika kwa uhakika kabisa: "Kwa sababu asidi ikikutana na maji hutoa joto jingi." Nikapata alama moja kati ya tatu. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, mwalimu alikuwa ameandika: "Na ukimimina asidi kwenye maji, joto halitoki?"

Swali hilo lilinikaa kichwani kwa wiki nzima, kwa sababu jibu lake ni kwamba linatoka. Tena linatoka lile lile. Chukua asidi kiasi fulani na maji kiasi fulani, vichanganye kwa mpangilio wowote unaotaka. Mchanganyiko wa mwisho ni mmoja, na jumla ya joto lililotoka ni moja. Kama kisa chote kingekuwa joto, basi mpangilio usingekuwa na maana yoyote.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mwaka 1840 Germain Hess, mkemia mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi St. Petersburg, alitangaza kanuni ambayo hadi leo hufundishwa kwa jina lake: jumla ya joto la mabadiliko ya kikemia hutegemea ulipoanzia na ulipoishia, haitegemei njia uliyopita. Kinachonifurahisha ni kwamba miongoni mwa vitu alivyovipima kufikia hapo ni asidi ya salfuriki ikizimuliwa kwa maji, hatua kwa hatua. Yaani kanuni inayosema njia haibadilishi jumla ya joto ilipatikana kwa asidi ile ile ambayo njia yake ndiyo tunayoonywa.

Kuna majibu mengine mawili ninayoyasikia mara kwa mara, na yote mawili yanapotosha. La kwanza husema maji "huitia nguvu" asidi. Ni kinyume chake: kila tone la maji linaizimua. La pili husema hutokea gesi inayolipuka. Hakuna gesi mpya ya kulipuka hapo. Kinachorusha asidi ni mvuke wa maji, ule ule unaoinua kifuniko cha sufuria jikoni. Swali la kweli ni hili: kwa nini mvuke utokee upande mmoja na usitokee upande wa pili, ilhali joto ni lile lile?

Tuanze na ukubwa wa joto lenyewe. Gramu 98 za asidi safi ya salfuriki ni kama mililita 53, kiasi kinachoingia kwenye kikombe kidogo cha kahawa ya barazani. Zikizimuliwa kwa maji mengi hutoa karibu kilojuli 95. Joto hilo linatosha kuchemsha mililita 300 za maji yaliyoanza na nyuzi 25. Hakuna moto uliowashwa, hakuna jiko. Kikombe kimoja cha kahawa tu.

Sasa lichukulie joto hilo kama pengo kwenye bajeti ya harusi. Kamati imepungukiwa shilingi milioni moja. Likigawanywa kwa watu mia, kila mmoja anatoa elfu kumi na anarudi nyumbani na nauli mfukoni. Akitwishwa mtu mmoja, atauza pikipiki. Pengo ni lile lile hadi senti ya mwisho. Kilichobadilika ni idadi ya wanaolibeba, na muda waliopewa.

Kwenye bika, yaani chombo cha kioo cha kuchanganyia maabara, wachangiaji ni maji. Ukidondosha asidi kidogo kwenye maji mengi, joto la kila tone linapokewa na umati. Maji yana uwezo mkubwa wa kubeba joto: gramu moja huhitaji juli 4.2 ili ipande nyuzi moja. Umati unapata joto kidogo kila mmoja, na hakuna anayefika kuchemka.

Ukigeuza, ukadondosha maji kidogo kwenye asidi nyingi, wachangiaji ni wachache na pengo zima linawaangukia wao. Asidi iliyowazunguka haiwasaidii sana, maana gramu moja ya asidi kali hupanda nyuzi moja kwa juli 1.4 tu. Kiasi cha joto ambacho kingepandisha maji nyuzi kumi kinaipandisha asidi nyuzi thelathini. Maji huchemka kwenye nyuzi 100, wakati asidi ya asilimia 98 haichemki mpaka nyuzi zipite 330. Kwa hiyo kinachochemka ni maji, na kinachorushwa ni asidi.

Halafu kuna uzito. Mililita moja ya asidi kali ya salfuriki ina gramu 1.84, karibu mara mbili ya maji. Ukiinua chupa yake ya lita 2.5 kwa mara ya kwanza mkono unashtuka: asidi peke yake inazidi kilo nne na nusu. Maji yakimiminwa juu ya kitu kizito namna hiyo hayazami. Yanaelea, yanatandaza tabaka jembamba, na joto lote linazaliwa pale yanapogusana, juu kabisa, karibu na mdomo wa chombo na uso wa mwanafunzi. Tone la kawaida la maji ni kama mililita 0.05. Likigeuka mvuke linataka nafasi ya karibu mililita 80, na linaitaka papo hapo.

Aliyewahi kutia kwenye mafuta ya moto samaki ambaye hajakauka vizuri anaijua tabia hii. Mfano huo unasaidia, ila usiuvute mbali. Mafuta yamepashwa moto na jiko kabla. Asidi ilikuwa baridi dakika hiyo hiyo, joto limezaliwa kwa kukutana. Na kwenye mafuta tone huzama, kwenye asidi huelea.

Mwalimu yule aliyeniuliza kwa kalamu nyekundu alituonyesha baadaye, kwa tahadhari zote. Alisimamisha neli ya kioo yenye asidi ya kimo cha nusu kidole, akaweka mbele yetu ubao wa plastiki angavu, akavaa miwani na glavu, kisha akadondosha tone moja la maji kwa pipeti. Lililia chwaa! Ukungu mweupe ukapanda. Tulipotazama ule ubao, upande wa ndani ulikuwa na vitone kama vya manyunyu, vimepangika kwenye kimo cha macho yetu. Tone moja tu. Kisha akachukua bika ya maji baridi na kuteremshia asidi polepole kupitia kijiti cha kioo huku akikoroga. Hakukuwa na sauti. Niliona nyuzi za kung'aa zikishuka kama asali kwenye chai, zikavunjika, zikapotea. Alituruhusu kugusa ukuta wa bika kwa nje. Ulikuwa na uvuguvugu wa kikombe cha chai kilichosahauliwa mezani.

Uvuguvugu huo unahesabika. Mililita 50 za asidi kali zikiingizwa kwenye mililita 450 za maji, mchanganyiko hupanda takriban nyuzi 30 hadi 35. Ukianza na maji ya nyuzi 25 unaishia karibu na 60: moto wa kuunguza mkono, lakini mbali na kuchemka. Ndiyo maana huanzwa na maji baridi, chombo kikakaa kwenye beseni la maji, na kioo kikawa cha aina inayostahimili joto. Chupa nene ya kawaida inaweza kupasuka kabla hujamaliza.

Hapo pia ndipo Hess anapopatana na karatasi ya ukutani. Ni kweli njia haibadilishi jumla. Lakini kila njia ina vituo vyake. Anayetia asidi kwenye maji anaanzia upande wa maji matupu na kusimama pale anapotaka, akiwa amepita kwenye michanganyiko hafifu tu. Anayetia maji kwenye asidi lazima apite kwanza kwenye michanganyiko ambayo asidi imezidi maji, na humo ndimo joto hupita nyuzi 100 kwa urahisi. Wote wawili wanafika nyumba moja. Mmoja amepita katikati ya moto.

Naomba nisieleweke kwamba mpangilio sahihi unatosha peke yake. Kwa kuwa asidi ni nzito, ukiimimina haraka bila kukoroga inaweza kushuka ikalala chini kama tabaka. Kisha mtu anakuja kukoroga kwa nguvu, tabaka zinakutana kwa mkupuo, na fujo ile ile inatokea chini ya maji. Kumimina kidogo kidogo na kukoroga muda wote ni nusu ya sharti, japo karatasi nyingi za ukutani hazilitaji.

Wala si kila asidi ina ukali huu. Asidi ya hidrokloriki inayouzwa kama kali huwa na takriban asilimia 36 hadi 37 tu, sehemu kubwa ya chupa ni maji tayari, na joto lake la kuzimuliwa ni dogo zaidi, ingawa mvuke wake unachoma pua na koo. Asidi ambayo tayari imezimuliwa kwa ajili ya mazoezi ya darasani hata ukiiongezea maji hutaona kitu. Sharti hufundishwa kwa asidi zote kwa sababu mkono hujenga mazoea mapema kuliko jicho linavyojifunza kusoma lebo, na mimi nakubaliana na walimu wanaolisimamia hivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo fundi wa magari huongeza maji kwenye betri na hapati madhara. Watu huniuliza sana kuhusu hilo, wakidhani wamepata kasoro ya kanuni. Asidi ndani ya betri iliyojaa chaji ni karibu asilimia 37 kwa uzito, na lita moja yake ina kama kilo 1.28. Sehemu kubwa ya joto lake ilishatoka kiwandani. Kinachopungua betri inapofanya kazi ni maji, kwa hiyo kinachorudishwa ni maji, tena yaliyokenekwa. Lakini anayetaka kutengeneza asidi ya betri kutoka kwenye chupa ya asilimia 98 anarudi kwenye sharti lile lile la maabara.

Limebaki swali ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote, nalo linagusa ngozi ya mtu. Kama maji juu ya asidi ni hatari, kwa nini mwanafunzi aliyemwagikiwa anaambiwa akimbilie maji?

Rudi kwenye pengo la harusi. Asidi iliyo kwenye mkono ni utando mwembamba, gramu chache. Koki iliyofunguliwa kikamilifu inaleta lita kadhaa kwa dakika. Wachangiaji ni umati mkubwa, na hawakai: wanachukua sehemu yao ya joto na ya asidi, wanateremka nayo kwenye sinki, wengine wanakuja. Hatari iko kwenye maji machache, kitambaa kilicholowa au nusu kikombe kilichomwagwa mara moja, kwa sababu hapo ndipo umati unapogeuka watu wawili. Maji yatiririke kwa dakika 20 au zaidi, nguo iliyolowa asidi ivuliwe wakati maji yanaendelea kumwagika, macho yashikwe wazi chini ya maji, kisha hospitali. Kupaka alkali, yaani kemikali iliyo kinyume cha asidi, ili "kuua" asidi ni kuongeza moto juu ya kidonda, kwani asidi na alkali nazo hutoa joto zikikutana.

Shule nyingi zetu hazina koki ya uhakika maabara. Maji hukaa kwenye pipa, na pipa huwa limejaa Jumatatu na tupu Alhamisi. Ndiyo maana siku hizi nikiingia maabara yenye zoezi la asidi, kabla sijasoma karatasi ya ukutani, nafunua kwanza pipa na kutazama maji yamefika wapi.