Uyunitaria: maana yake, na sheria iliyoulinda na kuubana

Uyunitaria ni imani ya Kikristo inayoshika kwamba Mungu ni nafsi moja tu, yaani Baba. Utatu inaukataa. Yesu ni mwalimu na kielelezo, si Mungu.

Wengi wakilisikia jina hili huwaza Boston, Marekani. Lakini kanisa kongwe la Wayunitaria liko Transylvania, Romania ya leo, na waumini wake ni Wahungaria. Januari 1568 Baraza la Torda, yaani bunge la nchi hiyo lililokutana katika mji wa Torda, liliamua kila mhubiri ahubiri Injili kadiri anavyoielewa, na usharika usiomtaka usilazimishwe, kwa kuwa imani ni kipawa cha Mungu. Mfalme John Sigismund aliridhia. Mhubiri wake, Ferenc Dávid, alikuwa ameshapitia Ukatoliki, Ulutheri na Ukalvini. Nchi ilikuwa chini ya kivuli cha Waosmani, yaani dola ya Waturuki, kwa hiyo wafalme Wakatoliki wa Habsburg hawakuifikia kirahisi.

Watu hukosea wanapouita uamuzi huo uhuru wa dini kwa wote. Dini zilizotambuliwa zilikuwa nne: Katoliki, Lutheri, Kalvini na Yunitaria. Waromania, ambao ni Waorthodoksi, walivumiliwa tu.

Kisha mtego ukafyatuka. Mfalme alifariki 1571, na mwaka uliofuata, chini ya mrithi wake Stephen Báthory, ikapigwa marufuku kuzua mafundisho mapya. Dini ikalindwa jinsi ilivyokuwa siku ile, basi. Dávid hakunyamaza: alifundisha kwamba hata sala asielekezewe Yesu, maana zote ni za Mungu peke yake. Aliyemgeuka ni Giorgio Biandrata, tabibu wa mfalme na mshirika wake wa zamani. Dávid akafia gerezani, katika ngome ya Deva, Novemba 1579. Kanisa likabaki, ila kwa kubanwa: mapatano ya Dés ya 1638 yaliwalazimisha Wayunitaria kumwabudu Kristo.

Leo utasoma kwenye makanisa yao maneno *Egy az Isten*, Mungu ni mmoja. Meza ya Bwana huandaliwa mara nne kwa mwaka: Krismasi, Pasaka, Pentekoste na shukrani ya mavuno mwishoni mwa Septemba. Mkate na divai ni ukumbusho tu.

Usiwachanganye na wenzao wa Marekani. Hao waliunda chama chao 1825, wakaungana 1961 na Wauniversalisti, yaani wanaoamini kwamba watu wote wataokolewa, na kwao hata asiyeamini Mungu anapokewa kuwa mshirika.