Shughuli za nje ya masomo: dhana tano potofu na ukweli wake

Dhana: Klabu na michezo hula muda wa kudurusu.

Tuhesabu. Wiki ina saa 168. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila usiku. Tukichukua 9, ni saa 63. Masomo pamoja na kwenda na kurudi yachukue 45, na kula, kuoga na kazi za nyumbani 21. Zinabaki 39. Akidurusu saa 15, bado ana 24. Klabu inayokutana mara mbili kwa wiki, dakika 90 kila kikao, inataka saa 3 tu.

Tatizo huja pale kikao kisipokuwa na mwisho. Mazoezi ya kwisha saa kumi na moja jioni yanasogea hadi saa moja usiku, mwanafunzi anafungua daftari saa tatu, na kinachopunjwa ni usingizi. Ubongo huimarisha kumbukumbu mtu akiwa amelala, kwa hiyo hata aliyofundishwa asubuhi hayakai vizuri. Mwalimu mlezi atangaze saa ya kumaliza, kisha aiheshimu. Mwaka wa mtihani, vikao viwili vipunguzwe kiwe kimoja, lakini mazoezi ya mwili yasikatwe: Shirika la Afya Duniani linapendekeza wastani wa dakika 60 kwa siku kwa wenye miaka 5 hadi 17.

Dhana: Sataranji humfanya mtoto awe hodari wa hisabati.

Dai hili lilipimwa Uingereza katika shule 100 za msingi. Wanafunzi walifundishwa sataranji darasani, na mwaka mmoja baada ya mafunzo hayo alama zao za hisabati hazikupishana na za wenzao ambao hawakufundishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Mara nyingi stadi haihami mbali na pale ilipofundishwa. Sataranji ina faida yake yenyewe: kuandika hatua za mchezo, kurudia mchezo uliopoteza na kutafuta hatua iliyokuponza. Hiyo inatosha kuipenda. Mzazi akiahidiwa alama za hisabati, atamtoa mtoto klabuni mara tu zisipopanda.

Dhana: Ukishajiunga, faida zitakuja zenyewe.

Hapa ndipo klabu nyingi hupotea, na mdahalo ni mfano mzuri. Wanafunzi 40 wamekaa ukumbini, wanne wenye sauti kubwa wanazungumza, 36 wanapiga makofi. Hao 36 wamesikiliza. Kujenga hoja hawajajaribu.

Wagawe katika makundi matano ya watu wanane: watatu wanaunga mkono hoja, watatu wanapinga, mmoja anatunza muda, mmoja ni mwamuzi. Maandalizi dakika 15, kila msemaji dakika 3 (jumla 18), mwamuzi dakika 7 za kutoa maoni. Mzunguko mmoja ni dakika 40, hivyo kikao cha dakika 90 kinatosha mizunguko miwili. Katika wa pili, pande zibadilishane, na mtunza muda na mwamuzi waingie kuzungumza. Kutetea usichokiamini ndiko kunakofundisha kumsikiliza mpinzani.

Wanaoanza hukosea hasa kwa kuandika hotuba nzima na kuisoma. Mruhusu kila mmoja karatasi yenye maneno matano tu. Kila hoja iwe na dai, sababu na mfano. Ikikosa sababu, mwamuzi aitaje palepale. Naye asimpe ushindi mwenye sauti kubwa: aandike hoja za kila upande na aone zipi hazikujibiwa.

Dhana: Mwenye kipaji ashike mchezo mmoja tangu utotoni.

Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, kilishauri kwamba kwa michezo mingi mtoto asubiri hadi miaka 15 au 16 ndipo abaki na mmoja. Mifupa inayokua ina sehemu laini karibu na ncha zake, na mwendo uleule ukirudiwa kila siku huziumiza. Kipimo rahisi: saa za mazoezi kwa wiki zisizidi umri wake kwa miaka. Wa miaka 12 asipite saa 12, na apate angalau siku moja ya mapumziko. Maumivu yanayorudi mahali palepale, kwa mfano chini ya goti au kisiginoni, yasiitwe uvivu. Asimame, aonwe na mtaalamu wa afya.

Dhana: Alama zikishuka, atolewe klabuni.

Adhabu hii inatuudhi, kwa sababu mara nyingi humnyang'anya mwanafunzi kitu pekee kinachomvuta kuja shuleni. Kwanza chunguza kwa wiki mbili: analala saa ngapi, anadurusu siku zipi, alama zimeshuka katika somo moja au yote. Likiwa moja, kasoro huenda iko katika somo hilo, na msaada wa mwalimu wake utafaa kuliko kumfungia mlango wa klabu. Yakiwa yote na usingizi ni haba, punguza kikao kimoja, umwachie kile anachokipenda, kisha mtazame tena baada ya mwezi.